Kilo Kumi za Maman Constance

Uliona. Usianze kusema hukuona, maana njia ya Nguba, hapa Bukavu, inayotoka ziwani ni moja na wewe hupita hapo kila siku ya Mungu. Ulimwona Maman Constance akipanda na vitambaa vyake begani, akisimama mara tatu kabla ya kufika kwenye lami, mkono kiunoni, jasho likimtiririka shingoni asubuhi ambayo wengine walikuwa wamejifunika makoti. Ulimwambia nini? Ulimwambia, "Maman, uko bien, bwana iko nakulisha," kisha ukageuza macho. Vidole vya mguu wake wa kushoto vilipokufa ganzi, uligeuza macho. Alipoanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, yeye aliyewashonea watoto wako nguo za komunio, ulimpelekea kitambaa kingine ukamkumbusha kwamba sherehe iko karibu. Na alipoanza kukonda, uligeuza macho upesi kuliko siku zote, ukanong'ona neno moja ambalo nusura limuue.

Sasa usigeuze. Kaa hapo hapo.

Rosette alikuwa muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya kule chini karibu na maji, chenye vyumba vinne na friji moja ya dawa inayoishi kwa rehema za umeme. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akitoboa vidole vya watu wenye ugonjwa wa sukari, na alijua mambo ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kumwuliza. Alijua kwamba sucré, soda zenu hizi za rangi, hupanda hadi kilele cha Kadutu, mahali ambapo hata gari la kubeba maiti linakwama, lakini vijikaratasi vya kupimia sukari hukosekana mwezi mzima katikati ya mji. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Yeye alilishangaa kila asubuhi alipofungua kabati.

Kila mwezi wa saba alikuwa akija mpasuaji mmoja, Munganga Honoré, mzaliwa wa Bagira anayefanya kazi Ubelgiji. Tangu uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe alikuwa akishukia Kigali, kisha anavuka mto Ruzizi na masanduku yake ya vyombo. Alikaa siku sita. Kazi yake ilikuwa kuupunguza mfuko wa tumbo kwa wagonjwa wa sukari waliolemewa na uzito, ili washibe upesi na sukari yao ishuke. Lakini alikuwa na sharti moja lisilobembelezeka: mgonjwa apungue kwanza. Ini la mtu aliyejaa mafuta huvimba likalalia mfuko wa tumbo, na mpasuaji akiingia hapati njia. Likinywea, njia inaonekana. Kisu kilikuja na ndege. Kazi ya kupungua ilibaki mikononi mwa Rosette, na mwaka ule aliachiwa wagonjwa watano.

Constance alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyemnyima Rosette usingizi. Kwenye kidole kikubwa cha mguu wake wa kushoto kulikuwa na kidonda cheusi, kidogo kama punje ya hindi, ambacho kilikataa kupona tangu Krismasi. Rosette alikuwa ameona punje kama ile zikila mguu hadi gotini. Constance asipofikia uzito uliotakiwa, angengoja mwaka mwingine. Mguu ule haukuwa na mwaka wa kungoja.

Hata kumpima kulikuwa na shida yake. Mizani ya kituo iliishia kilo mia moja na ishirini. Kwa hiyo kila Alhamisi walikwenda kwenye depo ya maharagi ya Papa Floribert, njia ya Nyawera, penye mizani kubwa ya kupimia magunia. Siku ya kwanza Constance alisimama mlangoni akagoma.

"Mi si mufuko," alisema.

"Najua. Njo maana mi naanza."

Rosette akavua viatu, akapanda mbele ya wabeba mizigo wote, akaisoma namba yake kwa sauti: hamsini na nne.

"Maman infirmière, weye ni mabaki ya mufuko," mbeba mizigo mmoja akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Constance akapanda. Papa Floribert akasogeza kile chuma cha mizani taratibu, akakirudisha kidogo, akakitazama. "Cent vingt-huit," akasema bila kucheka. Mia moja ishirini na nane.

"Mufuko moja na robo," yule mbeba mizigo akanong'ona.

"Na akili yako," Constance akamwambia bila hata kumtazama, "haitajaza mukebe ya tomate."

Wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Walipotoka nje Rosette akamwambia namba nyingine: mia na kumi na nane, wiki nane.

"Kilo kumi," Constance akasema. "Ile ni mutoto ya mwaka moja, Rosette. Unaniomba nizae mutoto ya mwaka moja mu wiki munane."

"Utazaa."

"Na baba yake ni nani?"

"Lengalenga," Rosette akajibu, akimaanisha mchicha, na Constance akacheka hadi akashika ukuta.

Kupika ndiko kulikokuwa mlima. Nyumba ya Constance ilikuwa na watu kumi na mmoja na sufuria moja: bugali mkubwa, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, wali siku za heri. Hakuweza kujipikia kando bila kuulizwa, na hakutaka kuulizwa. Habari ya upasuaji alimwambia mume wake peke yake, Papa Théodore, mwalimu wa historia kwenye sekondari moja ya mjini. "Batanicheka," alimwambia Rosette. "Batu banakufa na njaa mu bakambi, miye nakatisha tumbo juu ya kushiba?"

Basi Rosette akafanya mpango. Kila siku saa sita alipika mwenyewe lengalenga, maharagi kidogo, sambaza chache, wale samaki wadogo wa ziwani, bila mafuta, akavitia katika thermos yenye mdomo mpana, akaifunika kwa kitambaa, akapanda nayo. Constance alikula chumbani kwake kwa cherehani, pazia limeshushwa. Kila Alhamisi baada ya mizani Rosette alimtoboa kidole na kumpunguzia vidonge vyake vya sukari, kwa sababu mtu anayekula kidogo na kumeza dawa ileile ya zamani, sukari yake huporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba.

Asubuhi walitembea kando ya ziwa. Wiki ya tatu, walipoketi kwenye jiwe ili Constance apumue, alisema jambo bila kuulizwa.

"Vita ya quatre-vingt-seize, mwaka wa tisini na sita, tulikimbia mpaka Mwenga kwa miguu. Mudogo wangu nilikuwa namubeba mugongo. Kila siku alikuwa mwepesi kupita jana. Siku moja nikamutua chini, nikaona nilikuwa nabeba kikwembe tupu, yeye ameshaenda." Alikuwa akiyatazama maji. "Nilikuwa na miaka kumi na ine. Nikajiambia: miye sitakonda tena hata siku moja. Sasa weye unaniomba nikonde."

Rosette alikumbuka maneno yote ya semina alizohudhuria, juu ya nidhamu na chaguo na kujipenda, akaona yote ni maneno ya watu ambao hawakuwahi kuhesabu mbavu za mdogo wao. Alichofanya ni kumshika mkono. Wakainuka, wakapanda.

Wiki ya tano mizani ilisema mia na ishirini na mbili. Kilo sita zimekwenda. Constance hakufurahi kama ulivyodhani. Alianza kujifunga kikwembe, yaani kitenge, juu ya kikwembe, viwili, kisha vitatu, ili mtaa usione. Lakini mtaa una macho, wewe unajua zaidi. Wateja wakapungua mlangoni. Maman Déborah wa kioski cha ng'ambo ya njia akaacha kumwita kwa jina, akawa anasema "ule mugonjwa".

Na hapa lazima lisemwe kosa la Rosette, maana lilikuwa kosa la aibu kwa mtoto aliyezaliwa Bukavu.

Katika mji huu anayekupa ndiye anayeanza. Chupa ya bia huletwa imefungwa na kufunguliwa mbele ya macho yako. Mwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza. Mama mwenye nyumba huonja mchuzi kabla mgeni hajagusa. Mtoto wa miaka mitano anajua, na anajua sababu: karuho, sumu ya polepole ambayo watu husema hutiwa katika chakula na mkono unaoufahamu. Wanasema haiui leo. Inamkausha mtu mwezi kwa mwezi, anakonda, ana kiu isiyokwisha, miguu inalegea, macho yanaingia ukungu. Sasa zisome tena dalili hizo, polepole. Ndizo dalili za sukari, moja baada ya nyingine. Ni wangapi mji huu umewatapisha hadi kaburini kwa ugonjwa ambao tone moja la damu lingeutaja? Na ni majirani wangapi wamefukuzwa kwa ajili yao?

Rosette alikuwa na hesabu ya mmoja. Mama yake alikonda akafa akitapishwa, yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, na mtaa ukaamua ni mjane wa nyumba ya pili. Wakamfukuza kwa mawe. Rosette alirusha jiwe moja. Lilimpata yule mama begani, naye akageuka akamtazama, akamwita kwa jina lake la nyumbani. Rosette alisomea uuguzi kwa sababu ya mtazamo ule. Na bado, miaka ishirini na minane baadaye, alipanda kilima kila siku na chakula kilichofunikwa, akampa mtu anayekonda, ale peke yake nyuma ya pazia, bila mtu yeyote kuonja.

Jumapili ya komunio ya kwanza ya Ornella, binti mdogo wa Constance, alifika kutoka Luvungi dada mkubwa wa Théodore, Euphrasie. Alikuja na mchele wa shamba lake mwenyewe kule bondeni, akaupika mwenyewe kwa mafuta na vitunguu, akawapakulia wageni uani. Ni yeye aliyemlea Théodore tangu wazazi wao walipokufa, na nyumba ile ilimwinamia. Akamletea Constance sahani iliyojaa.

"Aksanti, yaya," Constance akasema, akimwita kwa neno la kwao la dada mkubwa. "Nimeshakula."

Euphrasie akatabasamu. Akachota kijiko, akala, akameza, akafungua mdomo ili wote waone. Akasogeza tena sahani. "Naonja mbele ya batu. Kula."

"Yaya, tumbo inaniuma."

Kukataa chakula ambacho mwenyewe amekionja ni kumwambia mtu neno ambalo halifutiki, na Constance alijua, na mdomo wake ulikuwa umejaa ukweli, lakini aibu ilikaa juu yake kama kifuniko.

"Njo kusema nini?" Euphrasie akauliza, sauti ya chini kabisa. "Miye njo mulozi mu nyumba ya kaka yangu?"

Akaweka sahani chini. Akamshika Constance kiunoni kama anayetaka kumwinua, mkono wake ukazama katika kitambaa. Akavuta kikwembe cha kwanza. Akaona cha pili. Akaona cha tatu.

"Umekonda hivi, na kwetu haukule. Unakulaka wapi?"

Ni Ornella aliyejibu, akiwa na gauni lake jeupe, kwa sababu mtoto aliyetoka kupokea komunio amefundishwa asidanganye. "Anakulaka ya thermos. Maman Rosette anamuletea."

"Na nani anaonjaka?"

"Hakuna mutu."

Hapo ndipo neno lilipotoka. Sitasema ni kwa mdomo wa nani, maana lilikuwa tayari midomoni mwa wote. Karuho. Watu waliokuwa na sahani mikononi waliziweka chini. Théodore, anayewafundisha watoto wa watu jinsi wafalme walivyoangushwa, aliangalia viatu vyake.

Jumatatu Rosette alimkuta Euphrasie langoni. Hakumtukana. Aliipokea thermos kwa mikono miwili kwa adabu, akaifungua, akaimwaga chini pembeni. Kuku wakaja wakala. Euphrasie akavuta kiti, akaketi kuwalinda kuku wale akingoja wafe, na hadi jioni walikuwa wakichakura kwa afya zote. "Karuho ya batu haishikake kuku," akasema, akaingia ndani. Alhamisi Constance hakuja kwenye mizani. Vidonge vilivyopaswa kupunguzwa siku ile havikupunguzwa.

Ijumaa mchana, saa nane, Théodore aliingia kituoni akikimbia, vidole vyeupe kwa chaki.

"Anatetemeka. Anatoka jasho, anaongea maneno ya bure. Tangu jana bamemunywesha dawa ya kutapisha."

"Na vidonge?"

"Anameza yote. Ulisema asiache."

"Papa Théodore, amekula nini?"

"Hakuna kitu inabakia mu tumbo."

Rosette alikuwa ameshakamata mkoba. Njiani, wakipanda mbio, alimwuliza swali moja tu. "Ulikuwa unajua yote. Juu ya nini haukusema?"

"Ni yaya yangu. Njo alinilea."

"Bon," Rosette akasema. "Basi yeye njo atakuzikia bibi."

Uani wanawake walikuwa wameketi kwa duara, kimya, kama wanavyoketi watu wanaongoja kuanza kulia. Constance alilala juu ya mkeka, nguo zimeloa, macho wazi lakini hayashiki kitu. Euphrasie akasimama mbele yake, akapanua mikono.

"Weye haugusi."

Rosette alizijua nyuso zile. Alizijua tangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Tofauti ni upande aliosimama. Angeweza kupiga kelele, kutaja diploma yake, kumsukuma mwanamke yule wa miaka sitini. Kila dakika ilikuwa inaondoka na kitu cha Constance. Lakini aliona kwamba akilazimisha atapata mgonjwa wa leo na kumpoteza wa kesho. Akarudi nyuma hatua moja, akaketi chini mavumbini.

"Yaya, sigusi. Mutu mwengine akamate sucré kwa Maman Déborah. Si miye. Ikuje imefungwa. Ufungue weye mwenyewe."

Chupa ililetwa na Maman Déborah mwenyewe, akiishika kwa ncha za vidole. Euphrasie alikikagua kifuniko, akakifungua, akamimina katika kikombe, akamsogezea Rosette.

"Anza."

Rosette akanywa mafunda matatu, akapangusa mdomo. Euphrasie akakichukua kikombe, akanywa naye. Akasimama kidogo, kama anayesikiliza tumbo lake. Kisha akapiga magoti, akainua kichwa cha wifi yake, akakiweka pajani, na kwa vile Constance alikuwa bado anameza, akamnywesha kidogo kidogo kama Rosette alivyomwelekeza, tone kwa tone, akimpangusa kidevu kwa ncha ya kikwembe chake.

"Sasa nitoboe kidole yake," Rosette akasema.

"Ile sindano nayo. Nani anaanza?"

Rosette alikuwa na vijikaratasi vinne vya kupimia. Vinne, kwa wiki nzima, kwa wagonjwa wote. Akatoa sindano mpya, akajitoboa mwenyewe. Tisini na moja, kipimo cha mwenye afya. Akawaonyesha wote kioo cha kipimo, hadi Maman Déborah.

"Na miye," Euphrasie akasema, akanyosha kidole.

Rosette aliangalia vijikaratasi vitatu vilivyobaki. Akabadilisha sindano, akamtoboa. Kipimo kikahesabu, kikatoa namba, na Rosette hakuisoma kwa sauti.

"Sema."

"Tungoje ya Constance kwanza."

Ya Constance ilikuwa arobaini na nane, na hiyo ni baada ya kikombe kizima. Rosette akaomba kikombe cha pili. Polepole macho yale yakarudi, yakatafuta, yakamwona Euphrasie.

"Yaya," Constance akasema. "Hii sucré baridi ni ya nani?"

Mwanamke mmoja akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Euphrasie hakucheka. "Rosette," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "kule kituoni munasema sukari inamuua. Sasa umemuponyesha na sukari."

"Inamuua ikizidi. Inamuua ikikosekana. Wiki hii nilipashwa kumupunguzia dawa, sikuingia. Lakini kosa ya kwanza ni yangu, yaya. Nilikuja na chakula imefunikwa. Sikuonja. Nikamuficha sawa mwizi."

"Na ya kwangu? Kipimo ilisema nini?"

"Trois cent vingt-sept." Mia tatu ishirini na saba.

"Ni mingi?"

"Mara tatu ya mutu muzima."

Euphrasie alikitazama kidole chake chenye tone kavu la damu. "Kule Luvungi," akasema, "naishi peke yangu. Napikaka mwenyewe. Naonjaka mwenyewe, nakulaka mwenyewe." "Nani basi amenilisha karuho miye?"

Maman Déborah alisogea taratibu, akaketi kwenye ukingo wa mkeka.

Walimbeba Constance hadi kituoni, akawekewa serum ya mshipani siku mbili, maana vidonge vile hukaa mwilini na sukari ingeweza kuanguka tena. Na ni pale kitandani, mbele ya mume na wifi na nusu ya mtaa uliojazana mlangoni, aliposema mwenyewe: mwezi wa saba nitapasuliwa, nipunguzwe mfuko wa tumbo, bado kilo ine. Alisema na juu ya mdogo wake wa njia ya Mwenga. Euphrasie alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: lengalenga inapikwa dakika ngapi?

Hakurudi Luvungi. Sufuria ya Constance ilitolewa ndani ikawekwa uani, juu ya mbabula ya makaa, mahali ambapo kila mpita njia anaiona. Euphrasie alionja wa kwanza, Théodore wa pili, Maman Déborah akipita wa tatu, hadi Constance akalalamika. "Munaonja mpaka munamaliza. Nitafika zile cent dix-huit, mia na kumi na nane, juu yenu, si juu ya munganga." Euphrasie mwenyewe akaanza vidonge, akaanza kutembea kando ya ziwa, akimlaumu Rosette kwa kila hatua.

Alhamisi ya mwisho walikwenda depo watu watatu. Euphrasie akapanda kwanza, akawatolea macho wabeba mizigo, hakuna aliyethubutu kutania. Akapanda Rosette. Akapanda Constance. Papa Floribert akasogeza chuma, akarudisha, akasogeza.

"Cent dix-huit na nusu."

Nusu kilo. Sharti lilikuwa sharti. Munganga Honoré alikuwa ameshamkataa mtu kwa chini ya hapo. Constance alijitazama. Kwa mazoea ya wiki zile, asubuhi ile alikuwa amevaa kikwembe juu ya kikwembe. Akafungua fundo la cha juu, mbele ya wanaume wote, akakikunjua, akampa wifi yake akishike.

Papa Floribert akasogeza chuma kwa ncha ya kidole. "Cent dix-huit," akasema, na yule mbeba mizigo wa mukebe ya tomate akavua kofia.

Alipasuliwa mwezi wa saba. Ini lilikuwa limenywea, njia ikaonekana. Leo anapanda kutoka ziwani akisimama mara moja tu, kidonda kimefunga, na anatunga uzi mwenyewe akiwa karibu na dirisha. Lakini usifunge hadithi hapo ukaenda zako umeridhika. Walikuwa watano, wakumbuke. Watatu walifika kwa mpasuaji. Papa Blanchard, aliyekuwa dereva, alikonda kilo nane kwa jasho lake, ndugu zake wakasema neno lile, wakamchukua kumtapisha. Alizikwa kabla ya Munganga Honoré kuvuka Ruzizi. Wa tano, Maman Emmanuella wa hapo hapo mtaani kwako, amefungiwa ndani hadi sasa na ndugu zake wanaoogopa karuho. Rosette amekwenda mara tisa. Mara tisa amerudishwa langoni.

Unaujua mlango ule. Wewe ni jirani, wewe watakufungulia. Basi acha kusoma, simama. Nenda leo, wakati sufuria yao iko motoni na watu wote wako uani. Usiende na kitu kilichofunikwa. Keti chini, omba kijiko, onja wewe kwanza. Kisha mshike Maman Emmanuella mkono, mteremke naye hadi kituoni, na mbele ya macho ya ndugu zake wote nyosha kidole chako, useme: naanza mimi.